Deo, Redio ya Karambo Imepatikana

Deo,

Barua huanza kwa kuulizana hali. Ya kwako siwezi kuuliza. Ya kwangu ni hii: nimechoka, nimekasirika, na sehemu kubwa ya hasira yenyewe ni juu yako. Kwa hiyo tulia unisikilize, maana safari hii huwezi kuniambia kuna simu nyingine inaingia.

Nakuandikia kwa Kiswahili kwa sababu ndiyo lugha yetu. Tangu uondoke sina wa kuongea naye pale ofisini. Vijana wanaongea Kinyarwanda na Kiingereza, bosi akipandisha hasira anahamia Kifaransa, na mimi nikisema "jamani" wanacheka kama nimetoka kwenye tamthilia. Unakumbuka siku yangu ya kwanza? Nilikuwa nimerudi kutoka Karagwe nilikokulia, nimejaa Kiswahili changu cha shule, na wewe ukaja na kile chako cha Bujumbura: "Dada, kompyuta yako iko hapa, kiti iko hapa, chai iko kule, kila kitu iko." Nikakusahihisha, nikasema kiti kipo. Ukaniangalia kwa huruma. "Si ndiyo nimesema? Kiti iko." Miaka yote ile sikuweza kukubadilisha.

Lakini sikukaa chini kuandika habari za viti. Nataka kukueleza habari ya redio ya Karambo, mwanzo mpaka mwisho, na nitaeleza hata unayoyajua, kwa sababu barua hii nitampa Mama Keza aitunze. Mwanao akikua asome, ajue baba yake alikuwa anapanda kile kilima kufanya nini.

Keza, mwanangu, Karambo ni kilima cha kaskazini, juu ya ziwa. Gari linaishia sokoni. Kutoka hapo unachukua pikipiki, na pikipiki ikikataa unashuka unatembea. Juu kabisa kuna mnara wa kampuni yetu ndogo, na chini ya mnara kuna kituo cha afya, shule, na nyumba za watu zilizoshikamana na mteremko. Simu na intaneti zote za kilima hicho zinapita kwenye redio moja iliyofungwa mnarani. Redio hiyo inatazamana na mwenzake kwenye kilima kingine, na mwenzake ndiye anayetufikishia kila kitu hapa Kigali. Ikinyamaza, kilima kizima kinanyamaza. Umeme wa gridi haujafika, kwa hiyo inaishi kwa sola na betri.

Na ilikuwa inanyamaza, Deo. Mungu wangu, ilivyokuwa inanyamaza! Kila msimu wa mvua inaganda, na kila ikiganda bosi anakupigia simu, unaacha chakula mezani, unakwenda mpaka Karambo, unaizima, unaiwasha, unarudi. Kazi yenyewe ni ya kubonyeza kitufe. Halafu unafika ofisini na matope mpaka magotini, unafungua ripoti kwenye kompyuta, unaandika maneno mawili: "Iko sawa." Hukuandika kwamba iliganda. Hukuandika kwamba hii ni mara ya ngapi mwezi huu. Nilikuwa nakugombeza: andika, Deo, andika ilikuwa na nini. Unajibu, "Vere, wewe unapenda presha. Nimeiacha inafanya kazi. Si iko sawa?"

Siku ile pia ulikuwa umeshaiwasha. Ulinipigia ukiwa juu, upepo unavuma kwenye simu: "Dada, iko sawa, nateremka." Mvua ilikuwa imetoka kukatika. Pikipiki ikateleza kwenye kona ya juu ya korongo. Dereva alivunjika mkono. Wewe hukuvunjika chochote cha kuonekana, ndivyo alivyoniambia muganga Odette, nesi wa kile kituo, ambaye watu wa kule wanamwita muganga kama tunavyowaita wote wanaotutibu. Alikukuta unaongea. Aliomba gari la wagonjwa. Simu ile ilipita kwenye redio uliyokuwa umetoka kuiwasha, ikafika vizuri kabisa, sauti safi, na gari likaja, na halikukuwahi.

Sina la kufanya na jambo hilo. Nimeligeuza kila upande. Ulikufa kwa ajili ya kuzima na kuwasha.

Sasa sikia kilichofuata. Tulikuzika, tukakaa msiba kwako Kagugu, watu wakajaa mpaka barabarani, wengi siwajui, kila mmoja anasema Deo aliwahi kumtengenezea kitu. Tukarudi kazini. Na ilipokuja mvua nyingine, redio ikaganda tena, kama vile hakuna kilichotokea. Wakamtuma fundi aliyechukua nafasi yako. Akaenda, akaiwasha, akarudi akamwambia bosi kwa adabu kwamba yeye ana watoto wadogo na kule harudi. Sikumlaumu. Nilitamani na wewe ungekuwa mwoga kama yeye.

Ndipo Bwana Gatete akaita kikao, akasema tunabadilisha redio ya Karambo. Moyo wangu ukatulia kidogo. Halafu akaendelea: tutanunua ya kampuni ile ile, toleo jipya, muuzaji ametupa bei nzuri. Nikadhani nimesikia vibaya. Nikamwambia, bosi, ile ile iliyotutesa? Akageuza kompyuta yake nione. Alikuwa amefungua ripoti zako. "Madamu Vere, soma mwenyewe. Deo ndiye aliyeijua kuliko sisi wote, na hakulalamika hata mara moja. Iko sawa. Iko sawa. Iko sawa. Tatizo la Karambo ni barabara, si redio."

Deo, siku hiyo nilitaka kukufufua nikunyonge.

Nikaomba angalau tushindanishe. Akakubali, kwa sharti kwamba tusichelewe. Ndipo wakaanza kuja wauzaji, na hapo ndipo ningekulipa chochote uwe umekaa pembeni yangu unanikanyaga mguu chini ya meza nisiseme ninachofikiri. Kila mmoja alikuja na kasi. Redio yetu ina kasi hii, redio yetu ina kasi mara mbili ya ile. Kituo cha afya cha Karambo kina kompyuta moja ambayo kibodi yake imeng'oka herufi, Odette anaibonyeza kwa ncha ya kalamu, na huyu ananiambia atawapelekea filamu kumi kwa mpigo! Mwingine aliniongelesha dakika nyingi kisha akauliza kama mhandisi atakuja kuungana nasi. Nikamwambia mhandisi amekuja, amekaa mbele yako, na chai unayokunywa ndiye aliyekumiminia.

Nilikuwa na swali moja tu. Ikiganda, inajiamsha yenyewe? Kijana mmoja, Yves, ndiye aliyekuja na lile toleo jipya ambalo bosi alikuwa ameshalipenda. Kijana mzuri, shati limenyooshwa, anaongea vizuri. Akajibu, "Haigandi, Madamu." Nikasema sawa, lakini ikiganda? "Haigandi." Yves, ichukulie imeganda, iko juu ya kilima, mvua inanyesha, nani anaiamsha? Akafikiri. "Hapo mnatuma fundi."

Nikatoka nje kidogo. Niliporudi nikakuta wanazungumzia muda wa udhamini.

Alikuwepo mama mmoja wa makamo, amekuja peke yake na redio ya kijivu, nzito, mbaya kama tofali, kasi yake ndogo kuliko zote. Nilipomuuliza swali langu alisema, "Sijui. Nitauliza walioitengeneza, nitakujibu." Nikakaribia kumkumbatia. Alikuwa wa kwanza kuniambia hajui.

Tukafanya jaribio. Wazo lilikuwa langu, na ndilo lililoniaibisha. Tukaweka redio ya Yves mezani, mwenzake akawekwa chumba cha pili, zikaunganishwa, nikachomoa waya wa umeme. Taa zikazimika. Nikachomeka. Kabla hatujamaliza kuvuta pumzi, imerudi, inaongea. Nikachomoa tena, nikachomeka tena. Imerudi. Bwana Gatete akapiga makofi kama yuko harusini. "Umeridhika?" Ile ya kijivu ilichukua muda mrefu kuamka mpaka watu wakaanza kutazama simu zao. Yves akaniangalia bila dharau, na hilo ndilo lililoniuma zaidi. Alinionea huruma. Alijua mimi ni yule aliyefiwa na mwenzake.

Nikatoka ofisini nikatembea mpaka njia panda ya Sonatubes, nikasimama pale wanapopanga pikipiki. Mmoja akaniita, "Mama, twende! Kagugu? Remera?" akaninyooshea kofia ya pili. Ni pale pale ulipokuwa unapandia jioni, na kofia ilikuwa haikutoshi, inakukaa juu ya kichwa kama sufuria, na unanipungia mkono. Nikalia pale, Deo, mchana kweupe, mbele ya duka la betri, na wale vijana wa pikipiki wakajifanya hawaoni. Nililia kwa hasira. Nilijua kwamba tatizo ni ile redio, na sikuwa na chochote cha kuonyesha, kwa sababu mtu aliyeiona ikiganda kuliko wote aliandika iko sawa.

Basi nikasema nitakwenda kuiona mwenyewe.

Bosi hakutaka. Akaniambia barabara mbaya. Nikamjibu naijua ilivyo mbaya. Akasaini ruhusa.

Nilisubiri utabiri useme ukungu. Fikiria, mtu mzima anaomba hali ya hewa mbaya. Nilipanda pikipiki kutoka sokoni, na tulipokaribia ile kona nikamwambia dereva asimame, nikashuka, nikapita kwa miguu. Nilitafuta alama. Sijui nilitaka nini, jiwe lililopasuka, kipande cha taa. Hakuna kitu. Majani yameota, chini kwenye korongo kuna mbuzi amefungwa. Hata hilo liliniudhi.

Juu nilipokelewa na mukecuru anayekaa jirani kabisa na uzio wa mnara, yule bibi Venansia. Aliona begi langu la vifaa akaja moja kwa moja. Alikuwa mmoja wa waliokimbia kuteremka kwenye kona siku ile, na alinishika mikono yote miwili muda mrefu, mpaka nikaona haya. Halafu akaniuliza, "Wewe ndiye yule dada mkali? Yule anayemsahihisha maneno?" Kumbe ulikuwa unanisema mpaka kule! Akaniambia ulikuwa ukisema una dada mjini, hamkuzaliwa tumbo moja, anaongea Kiswahili kama mtangazaji wa habari, na kwamba siku moja utamleta.

Hukunileta. Ulikuwa unakwenda peke yako.

Na kabla sijafungua begi, watu wakaanza kuja. Simu zilizopasuka, tochi, chaja, kiredio cha mkulima mmoja chenye antena ya waya wa baiskeli. Mzee mmoja alileta pasi ya mkaa. Nikamwambia baba, hiki hakina umeme. Akasema Deo aliwahi kumtengenezea mpini. Wakakaa kwenye nyasi wakisubiri foleni yao kama watu wa siku zote, na Venansia akaniletea kikombe cha ikivuguto, maziwa ya mgando baridi, akaniambia Deo alikuwa hanywi kimoja.

Pale ndipo nilipokuelewa, na nikakasirika upya. Ulikuwa unapenda kwenda! Ulilaani matope mbele ya bosi, ukaja kwangu ukiugulia mgongo, na huku juu ulikuwa na ufalme wako mzima. Ndiyo maana hukuilalamikia redio. Redio nzuri ingekunyima safari. Ungesema tu, Deo. Ungeniambia, Vere, napenda kwenda Karambo. Ningekutafutia sababu nyingine ya kwenda, ya wakati wa kiangazi, ya barabara kavu.

Nililala kwa Odette, na asubuhi na mapema nikawa mnarani na kipimo changu cha umeme. Ukungu mzito, huoni hata uzio. Betri zilikuwa zimechoka na redio imezimika. Kukapambazuka, jua likaanza kupenya. Nikatazama kipimo. Volti zikapanda kidogo, zikasita. Wingu likapita, zikashuka. Zikapanda tena, zikashuka tena. Redio ikajaribu kuamka, ikakosa nguvu, ikajaribu tena ikiwa nusu macho. Baadaye ukungu ukaondoka, jua likawaka, umeme ukatosha kabisa. Taa zote za redio zikawa kijani. Nikachukua simu yangu. Hakuna mtandao. Taa zinawaka, redio haiongei.

Nikakaa chini kwenye matope. Sisi kule ofisini tulikuwa tunaukata umeme, na ukikatwa hivyo, redio yoyote inaamka salama. Kule kilimani umeme haukatiki, unafifia. Unaondoka kidogo kidogo na kurudi kidogo kidogo, na redio ile ikidhoofika namna hiyo inachanganyikiwa, haijui imeamka au bado. Nilipiga video kwa simu yangu, taa za kijani na kipimo, vyote pamoja. Halafu nikaizima, nikaiwasha. Karambo ikaongea. Niliteremka kwa miguu njia nzima, mpaka sokoni.

Nilirudisha watu wote mezani. Yves, yule mama wa redio ya kijivu, bosi, na vijana wetu. Nikatoa kile kisanduku cha umeme cha karakana, kile chenye kitasa cha kupandisha na kushusha volti, ambacho ulikuwa unakitumia kuchajia betri ya pikipiki ya mlinzi. Nikaiunganisha redio ya Yves. Nikaanza kushusha, polepole, kama ukungu. Taa zikapauka. Nikapandisha kidogo, nikashusha, kama wingu linapita. Halafu nikapandisha mpaka juu nikaacha. Kijani tupu, inapendeza kama mti wa Krismasi. Nikamwambia Yves aite chumba cha pili. Akaita. Kimya. Akaita tena. Kimya.

Yves akanyoosha mkono akachomoa waya, akachomeka, redio ikarudi. Akasema, "Si mnaona? Inarudi."

Nikamwambia, "Yves, plagi uliyochomoa iko mbele yako, umenyoosha mkono tu. Deo plagi yake ilikuwa Karambo."

Sikuwa nimepanga kusema hivyo, na sikupaza sauti. Kijana wa watu aliinamisha kichwa, na nikamwonea huruma kama alivyonionea mimi.

Tukaweka ile ya kijivu. Nikashusha, nikapandisha, nikashusha, nikapandisha, yale yale. Mwishowe taa zikawaka, na yule mama akaita chumba cha pili. Kimya. Akaniangalia. Alikuwa ameshaniletea jibu la walioitengeneza: hii nayo inaweza kuganda, lakini ikijikuta haimsikii mwenzake kwa muda fulani, inajizima yenyewe na kuanza upya. Ndivyo walivyosema. Tukasubiri. Bosi akatazama saa. Yves akakohoa. Mimi nilikuwa nimeshika ukingo wa meza, nimeanza Salamu Maria bila kujua. Ghafla taa zote zikazimika, na moyo wangu ukazimika nazo, nikajua basi, imekufa kabisa. Halafu ikawaka moja. Ikawaka ya pili. Chumba cha pili wakapiga kelele, "Imeitika! Imeitika!"

Bwana Gatete akasimama. Akasema, "Tunachukua hiyo," akatoka.

Jioni alikuja mezani kwangu, akakaa kwenye kiti chako. Nilikuwa na maneno yangu tayari, nimeyatunza tangu msiba. Akaniwahi. "Madamu Vere, mimi ndiye niliyekuwa nampigia simu. Zile ripoti zake nilizishikilia. Kama redio ilikuwa sawa, basi nilimtuma kazi ya kawaida. Kama haikuwa sawa..." Akaishia hapo. Alikuwa anaongea Kiswahili, kibovu kuliko chako, na alikuwa anatafuta maneno. Maneno yangu yote yakaniishia. Nikamtengenezea chai. Hata hasira yangu mmenipokonya, wewe na yeye.

Tumeifunga wakati wa kiangazi, barabara kavu, kwa gari hadi sokoni na waliobeba vifaa wakalipwa vizuri. Nimeongeza na kifaa kinachokata umeme kabisa betri zikichoka, kisiurudishe mpaka zijae, ili redio isipate tena ule umeme wa nusu nusu unaoichanganya. Nikafunga waya mzito wa kupeleka radi ardhini. Nimeandika ripoti ndefu, Deo, yenye picha, ya kumchosha kila mtu atakayeisoma.

Mvua zimerudi. Wiki hii nilikuwa ofisini natazama kwenye skrini, Karambo ikatoweka. Nikakaza macho. Simu ya bosi haikulia, na ya mtu mwingine yeyote haikulia. Nikaenda kuchukua maji, nikarudi. Karambo imerudi. Muda wote huo fundi alikuwa anakula chapati yake. Hakuna aliyeona. Nikatazama chumba kizima, watu wameinamia kompyuta zao, na nikataka kusimama juu ya meza nipige yowe, jamani, mmeona? Imetoweka na imerudi, na hakuna mtu aliyevaa viatu! Lakini ningemwambia nani? Nimepigana miezi yote hii ili jambo lisitokee, na limekubali, halijatokea, na hakuna wa kumsimulia ila wewe.

Kuna kingine kinachonisumbua, nakwambia wewe tu. Redio ikiwa nzuri hivi, hakuna wa kuwatengenezea simu zao. Nimekinyima kilima kile mgeni wake. Nilimweleza Mama Keza Jumapili, nikitegemea atanicheka. Hakucheka. Akasema hajawahi kufika, na angependa kuona mahali ulipokuwa unachelewa.

Kwa hiyo nakuahidi. Barabara ikikauka tutakwenda, mimi na yeye na Keza. Gari mpaka sokoni, na baada ya hapo kwa miguu, sisi wote, hata tukichukua siku nzima. Kwenye kona nitamshika Mama Keza mkono. Hatutakwenda kwa sababu kuna kitu kimeharibika. Nitabeba bisibisi, lakini hiyo ni kwa ajili ya wale watu wako, na yule mzee wa pasi nitamwambia asubiri foleni kama wengine.

Kwaheri, Deo. Nimemaliza kukugombeza kwa leo. Karambo ikinyamaza, tunangoja tu, inarudi. Wewe pumzika. Huitwi tena.

Dada yako,
Verediana